Kabla Simiti Haijamwagwa

Wazee wangu, mama zangu, nanyi vijana wa Mulongwe, Kakombe, Kimanga hadi Kavimvira kule Uvira, nawaandikia kutoka Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani.

Nimesikiliza sauti zenu zote za WhatsApp kuhusu antena inayotaka kusimamishwa katikati ya nyumba. Mmoja anasema italeta kansa, mwingine kwamba wanawake hawatazaa tena, na kijana mmoja ameshauri chuma hicho kikatwe usiku. Nianze na huyo kijana. Mdogo wangu, pesa ya dawa za bibi ninayotuma inapita M-Pesa, na M-Pesa inapita antenani. Ukikata, kartye nzima itarudi kusimama ufukweni kutafuta rezo ya Burundi.

Kuhusu kansa, nisiwadanganye wala nisiwacheke. Mwaka 2011 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliyaweka mawimbi ya redio katika kundi 2B, yaani yawezekana yana madhara, lakini ushahidi ni mdogo. Antena hurusha mawimbi kwa mbele, si miguuni pake, na ukisogea mbali mara mbili, nguvu yake hubaki robo. Tena rezo ikiwa dhaifu, simu yenyewe hujikaza kurusha kwa nguvu zaidi, nayo iko sikioni mwako. Mtakaotaka kupima, daini kipimo. Kwa mawimbi ya megahezi 900, kikomo cha kimataifa kwa watu wa kawaida ni wati 4.5 kwa mita moja ya mraba. Kampuni ije na chombo, isome mbele yenu, basi.

Ila mkipeleka hoja ya mionzi peke yake kwa meya, mtashindwa. Hata huku, ambako mnadhani raia anaweza kukataa chochote, sheria ya mawasiliano ya 1996 inakataza mji kuzuia antena kwa hoja ya mionzi, mradi kampuni imetimiza vipimo vya tume ya taifa ya mawasiliano. Kilichobaki mikononi mwa mji ni mahali, urefu, sura, na umbali kutoka nyumba za watu. Na mji ukikataa, lazima uandike uamuzi wake na kuutegemeza kwa ushahidi. Ufaransa ni hivyohivyo: mwaka 2011 Conseil d'État, mahakama ya juu ya mambo ya utawala, iliamua kwamba meya hana mamlaka ya kupanga mambo ya mawimbi, hiyo ni kazi ya serikali kuu. Lakini sheria ya Februari 2015 ikaimarisha haki ya meya kupewa dosye kabla ya ujenzi, ili wakaaji waisome.

Hiyo dosye ndiyo ninayoitaka Uvira.

Kwetu mambo huenda hivi: mwenye kiwanja anasaini na kampuni, anapokea kodi, na jirani anapokea moshi. (Simlaumu. Mwenye watoto sita shuleni akiletewa dola kila mwezi, mnataka afanyeje?) Umeme wa SNEL ukikatika, jenereta inanguruma usiku kucha chini ya dirisha la mgonjwa. Mafuta yanawekwa pale pale, hatua chache kutoka jikoni kwa mtu. Na mji wetu ni ukanda mwembamba kati ya milima ya Mitumba na ziwa; hakuna pa kukimbilia. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika ulibeba nyumba na kuua makumi ya watu. Miaka iliyofuata ziwa nalo likapanda na kuingia majumbani. Mnara uliochimbiwa msingi karibu na mto Mulongwe au Kalimabenge, nani ameuliza mchanga ule utaushikilia kwa muda gani, na ukianguka utaangukia upande gani?

Maswali hayo yana sheria nyuma yake. Sheria ya nchi yetu namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inataka, kifungu cha 21, uchunguzi wa athari kwa mradi unaoweza kudhuru mazingira. Kifungu cha 24 kinataka maoni ya wananchi yakusanywe kwanza, wa mahali penyewe hasa, pamoja na mapendekezo yao mbadala. Mambo ya mawasiliano yenyewe, pamoja na masafa, yako chini ya sheria 20/017 ya 25 Novemba 2020 na mamlaka yake huko Kinshasa. Kinshasa ni mbali, najua, hasa miaka hii ya vita. Bugumestre na shefu wa kartye wako karibu.

Basi msiandike barua ya kulalamika kuhusu kansa. Andikeni barua fupi yenye majina na saini za majirani wote, mwenye kiwanja naye aalikwe. Ombeni uchunguzi wa athari uonyeshwe, ombeni jenereta isogezwe na izibwe sauti, mafuta yawekwe mbali na majiko, msingi upimwe na fundi asiyelipwa na kampuni. Nakala moja kwa shefu wa kartye, moja kwa bugumestre, moja kwa meya, nyingine kwa kampuni, na kila anayepokea apige muhuri kwenye nakala yenu. Pelekeni wiki hii, kabla simiti haijamwagwa; ikishamwagwa hakuna atakayewasikiliza. Gharama ya kupiga chapa nitaituma mimi.

Ndugu yenu wa Iowa.