Farasi Hana Kosa, Kosa ni Dau



Yuko anayesema: "Ustadh, mimi naenda Ngong, Nairobi, Jumapili moja moja tu, naweka shilingi mia juu ya farasi. Mbona Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi?"

Kweli, alishindanisha, huko Madina. Lakini zawadi iliyoruhusiwa ni ya mshindani, si ya mtazamaji anayebahatisha. Dau la mtazamaji ni kamari, na Suratul Maida, aya ya 90, haikubagua kidogo na kingi.

Tazama hesabu yake: madau hukusanywa, mwenye mchezo hukata fungu lake kwanza, washindi hugawana kilichobaki. Ukishinda, umekula jasho la mwenzio. Ukishindwa, umewanyima wanao maziwa. Faida iko wapi?

Tumche Allah.