Mtutu Mpya Hauhitaji Jando

Kila mwaka majani yanapoanza kugeuka rangi, baadhi yetu hapa Golden Valley na vitongoji vya jirani tunaingiwa na homa ambayo wenzetu wa London au Muscat wataiona kichaa. Ni homa ya kulungu. Msimu wa kuwinda kwa bunduki hapa Minnesota hufunguliwa mwanzoni mwa Novemba, na mtu aliyebeba boksi usiku kucha utamkuta mchana anahangaika na fulana ya rangi ya chungwa na ramani ya misitu ya Mille Lacs. Wengi wetu tunatoka Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo bunduki ya kwanza tuliyoishika kihalali maishani tuliishika huku. Hatukuwa na mjomba wa kutufundisha. Na asiye na mjomba hufundishwa na muuzaji.

Basi muuzaji, akisaidiwa na mabingwa wanaopiga soga kwenye kaunta yake, humwambia mteja kwamba mtutu mpya haupigwi hivi hivi. Sharti kwanza uzoeshwe. Jambo hili lina madhehebu mengi, ila utaratibu unaorudiwa sana ni wa namna hii: piga risasi moja, safisha mtutu kwa dawa na brashi mpaka kitambaa kitoke cheupe, piga nyingine, safisha tena, mara 10. Halafu piga tatu tatu, ukisafisha kila baada ya tatu, mara 5. Hizo ni risasi 25 na usafishaji mara 15, na siku imekwisha. Sisi tumeupachika mchezo huu jina la jando la mtutu. Tunasema wazi kwamba kwa mwindaji wa aina yetu jando hili ni kazi bure, tena lina madhara.

Tusiwaonee wanaolitetea. Hoja yao iliyo bora tumeisikia kutoka kwa jirani zetu wa Wisconsin, kampuni ya Krieger, ambayo mitutu yake inaheshimiwa sana na wapiga shabaha wa mashindano. Wanaeleza kwamba mtutu wa daraja la juu husuguliwa ndani kwa kufuata njia ya risasi, kwa hiyo ni laini tayari. Lakini koo lake, pale risasi inapotoka kwenye chemba na kuingia kwenye mifereji, hukatwa kwa chombo kinachozunguka, nacho huacha mikwaruzo iliyokingama njia ya risasi. Mikwaruzo hiyo hukwangua koti la shaba la risasi, shaba ikageuka mvuke kwa joto la baruti, ikaenda kuganda mbele ndani ya mtutu. Risasi za mwanzo ndizo zinazolisawazisha koo. Kusafisha kila mara ni kuiondoa shaba isije ikaifunika mikwaruzo kabla haijalainika.

Hoja ina akili. Lakini isomeni tena taratibu. Kinacholainisha koo ni risasi, wala si brashi, na risasi hizo utazipiga tu, jando liwepo lisiwepo. Isitoshe, hoja yenyewe inahusu mtutu uliosuguliwa kwa mkono, wa mtu anayetaka matundu matano yaingiane mpaka yawe moja. Bunduki ya mbeba boksi, iliyotoka kiwandani pamoja na maelfu ya ndugu zake, kwa kawaida haikusuguliwa na mtu yeyote. Ikiwa ni mbaya ndani, basi ni mbaya kuanzia kooni mpaka mdomoni, na risasi 25 hazitaigeuza kioo.

Tena mafundi wenyewe hawajakubaliana. Shilen wa Texas, ambao nao ni watengenezaji wa mitutu wenye jina, wamewaeleza wateja wao bila kuficha kwamba waliweka utaratibu wa kuzoesha mtutu hasa kwa sababu wateja waliona wanapaswa kuwa nao. Wao hawaoni kuwa ni jambo kubwa. Marehemu Gale McMillan, fundi wa mitutu wa Arizona, alikwenda mbali zaidi. Alidai kwamba mtindo huu ulienezwa na mtengenezaji mmoja aliyejua kuwa kila risasi ya jando ni risasi iliyopunguzwa kwenye umri wa mtutu, na mtutu ukichakaa mapema mteja hurudi kununua mwingine. Hatuna haja ya kumwamini McMillan kuhusu nia ya mtu. Hesabu yake ya umri wa mtutu inatosha.

Na jambo linalotuudhi kuliko yote ni ushahidi. Mtutu huwa mpya mara moja tu. Ukishauzoesha huwezi kuurudisha ulivyokuwa, ukaupiga bila jando, ukalinganisha. Na mitutu miwili ya mashine moja, siku moja, bado haifanani. Kwa hiyo yule anayetuambia, "Wangu niliuzoesha na unapiga vizuri," ana ushahidi ule ule wa mtu aliyevaa hirizi akasema hajaumwa na nyoka.

Kuna mzee mmoja kati yetu ambaye baba yake alikuwa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Tulimuuliza kama baba yake aliwahi kusimulia habari za kuzoesha mtutu. Alicheka. Walisafisha, alisema, walisafisha mpaka mikono ikachubuka. Lakini wale walikuwa na sababu: fataki za risasi za zama zile ziliacha chumvi inayovuta unyevu, na mtutu ungeshika kutu upesi, ndiyo maana ulimiminiwa maji ya moto. Fataki za risasi zinazouzwa madukani leo kwa kawaida hazina chumvi hiyo. Tumerithi mdeki wa Keya bila sababu ya Keya.

Sasa hayo madhara. Nusu ya waliokwaruza bunduki zao tunaowajua waliikwaruza kwa mdeki, hasa wanaouingiza kwa mdomo wa mtutu, mahali ambapo dosari ndogo huipotosha risasi. Tena wengi wetu tunakaa nyumba za kupanga. Mwezi wa Novemba madirisha yamefungwa, mtoto anatambaa kwenye zulia, na baba yuko mezani na dawa yenye amonia pamoja na vitambaa vyeusi vyenye vumbi la madini ya risasi. Mara 15! Mambo haya yafanyike nje, na kwa nadra, na mikono ioshwe kabla ya kumshika mtoto.

Lakini lililotufanya tuandike ni kulungu mmoja. Mwenzetu, msimu wake wa kwanza, alifanya jando lote kama lilivyoandikwa. Risasi zote 25 alizipiga akiwa ameketi, bunduki imelazwa juu ya mifuko ya mchanga. Boksi la risasi 20 za kuwindia mara nyingi linazidi dola 30, na kwa pesa za zamu za usiku hakununua zaidi. Siku ya kwanza porini, karibu na machweo, kulungu alitokea umbali usiofika mita 80. Mwenzetu alikuwa amesimama, mikono inatetemeka kwa baridi, na hakuwahi hata mara moja kupiga akiwa amesimama. Eneo la moyo na mapafu la mnyama yule ni kama sentimita 20. Alimpiga tumboni. Tulifuata damu kwa tochi mpaka saa 5 usiku, tukaipoteza kwenye kinamasi. Mwenzetu ni Mwislamu, alikuwa na kisu kiunoni na bismillahi mdomoni, akitumaini kumwahi mnyama akiwa hai amchinje. Njia nzima ya kurudi Golden Valley hakusema neno. Mtutu wake ulikuwa unang'aa.

Tukiulizwa tufanye nini na bunduki mpya, jibu letu ni fupi. Pitisha kitambaa kikavu kuondoa mafuta ya kiwandani, hakikisha mtutu haukuziba, weka darubini sawa kwa risasi chache. Ukiona shabaha imeanza kutawanyika baada ya matumizi, safisha. Zile risasi nyingine zote zipige ukiwa umepiga goti, umeketi chini, umeegemea mti, umesimama na koti zito na glovu, kwa sababu hivyo ndivyo utakavyokuwa.

Mwaka huu tunakwenda uwanja wa shabaha Jumamosi mbili kabla ya msimu kufunguliwa, na gari litaondoka saa 1 asubuhi. Mwenzetu yule ndiye atakayeendesha. Ameahidi kuja na risasi 60 na chupa moja ya chai, na ule mkoba wake wa dawa na brashi amesema ataucha nyumbani.