Mbuzi Mwenye Mimba Asisahauliwe

Liko jambo ambalo kwetu Koboko, na nadhani Arua pia, twalipuuza kila mwaka.

Mbuzi huchukua mimba miezi mitano. Basi yule apataye mimba Septemba huzaa Februari, nchi ikiwa kavu na moto umekwisha pita maporini. Tena mtoto tumboni hukua zaidi katika miezi miwili ya mwisho, yaani wakati ule ule mama hana kitu ila nyasi kavu, zenye vitamini A na fosforasi chache. Kisha mtoto akifa kwa kuhara siku ya nne, twasema jirani ana jicho baya. Mwaka jana nyumbani walikufa wawili, nami nilikuwa miongoni mwa waliomtafuta mchawi. Mbuzi hao ndio karo yangu, na ndio mahari ya kaka yangu.

Mwanadamu hupata kinga katika damu ya mama yake angali tumboni. Mbuzi, kondoo na ng'ombe sivyo. Mtoto wao huzaliwa bila ngao, na kinga yake i katika dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Utumbo wake huipokea vema katika saa sita za mwanzo. Ikipita siku moja, mlango umefungwa. Wale wanaoimwaga dang'a wakiiita uchafu wanamwaga dawa. Na mama aliyedhoofika atatoa dang'a kidogo tu.

Wako wenzangu watakao tununue sindano za vitamini E na seleni, tumdunge kila mnyama. Siafikiani nao hata kidogo. Seleni husaidia penye upungufu, lakini ikizidi ni sumu. Na madini ya ng'ombe yenye shaba nyingi huweza kuua kondoo. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Sisi tuanze na chumvi ya madini ya kulamba, iliyotengenezwa kwa ajili ya mbuzi, pamoja na majani ya viazi vitamu kutoka mabondeni penye maji. Hata chumvi ya jikoni yenye aidini ni afadhali kuliko kukosa kabisa, maana mama akikosa aidini mtoto huzaliwa dhaifu, shingo imevimba.

Baba aliniuliza pesa za chumvi zitoke wapi, ikiwa sisi wenyewe twakopa sabuni. Swali lake ni la haki. Nilimjibu kwa adabu kwamba tuhesabu bei ya wale wawili sokoni. Alinyamaza, kisha akasema nijenge kwanza kibanda, mvua isije ikaiyeyusha.

Shule ikifungwa Desemba nitainunua kwa pesa za matofali niliyofyatua. Februari nitakuwa nimerudi darasani, kwa hiyo nimemwagiza mdogo wangu ahakikishe kila mtoto amenyonya, ndipo aende kuchota maji.