Muundi Hauna Nyama

Papasa muundi wako. Ngozi, kisha mfupa. Katikati hakuna kitu. Dereva wa bodaboda akigongwa hapo, ngozi huchanika na goko hubaki nje, halina pa kujificha. Toleo hili ni la mfupa huo.

Ingia wodi ya mifupa utamkuta kijana amefungwa vyuma vya nje, mguu juu ya mto, kidonda kinaoshwa kila asubuhi. Wiki ya kwanza mfupa ulikuwa mweupe, unang'aa. Sasa umekuwa rangi ya chai na usaha unachuruzika pembeni. Mama yake akiuliza anaambiwa tunasubiri kidonda kitakate. Nasema bila kuficha: kusubiri huko kunaua mfupa, na baadaye kunaukata mguu.

Ngozi peke yake haisaidii. Ukiipandikiza juu ya mfupa uliovuliwa utando wake haishiki, kwa kuwa haina pa kupata damu. Inatakiwa nyama hai, yenye mshipa wake. Jeraha likiwa karibu na goti, daktari hupasua upande wa ndani wa shavu la mguu, akatenga kichwa kimoja cha msuli wa kigimbi, akakikata chini kinapoungana na kano ya kisigino, akakigeuza kuja mbele kikiwa bado kinalishwa na mshipa wa damu wa nyuma ya goti. Ukikibana kwa kibano kinaruka. Ukingoni damu mbichi inatoka. Juu yake hutandazwa ngozi nyembamba ya paja. Kichwa cha pili kinabaki mahali pake, na mgonjwa atatembea.

Kazi hiyo haihitaji hadubini. Jeraha la katikati ya muundi nalo hufunikwa kwa msuli wa soleasi, ulio chini ya kigimbi. Karibu na kifundo ndiko kugumu: mara nyingi msuli huhamishwa mzima kutoka mgongoni au pajani na mishipa yake kushonwa upya. Mwenye jeraha la hapo apewe rufaa, tena mapema.

Daktari wa upasuaji Marko Godina wa Ljubljana, Slovenia, alichapisha mwaka 1986, mwaka aliofariki, taarifa za wagonjwa 532. Waliofunikwa ndani ya saa 72, nyama iliyohamishwa ikafa haikufika 1 kwa 100. Waliocheleweshwa hadi miezi mitatu, ilikuwa 12. Yeye alikuwa na hadubini na timu iliyoizoea, lakini mfupa wa Ljubljana haukauki kwa kasi kuliko wa kwetu. Wala simaanishi kukurupuka: kufunika kabla ya kukata kila kilichokufa ni kufungia usaha ndani.

Basi daktari wa mifupa wa hospitali ya mkoa afundishwe kugeuza kigimbi kama alivyofundishwa kufunga vyuma, na mpango wa kufunika uandikwe kwenye faili siku kidonda kinaposafishwa mara ya kwanza.

Tumefungua toleo hili kwa makala ya muuguzi wa zamu ya usiku. Anaeleza anavyoinua kona ya bandeji kila saa, tochi mkononi, kuangalia kama msuli uliohamishwa bado ni mwekundu au umeanza kuwa wa zambarau, na kwa nini hangoji kupambazuke ndipo ampigie daktari.