Mtumbwi ukijaa, umejaa

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita, kile cha safari ya Boundary Waters, dakika kumi nzima ziliishia kwenye kuwaigiza wazazi. "Yaani tumehangaika tuwapatie nyumba yenye hita, halafu mnalipa hela mkalale msituni?" Sauti mlizotutumia WhatsApp baada ya hapo ni nyingi kuliko za kipindi chochote mwaka huu, na karibu zote ni mama wa mtu anakataza kitu. Nimecheka sana, hasa ile ya baba aliyeuliza kama dubu nao wanalipa kodi ya pango.

Ila kuna jambo halikusemwa studio, na nataka kuliandika kabla mtu hajalipia chochote. Mimi naona hofu ya wazazi wetu ndiyo kitu cha maana kuliko vyote tulivyonavyo kwenye kupanga safari hii. Tukiifanya utani tu, tutabaki na listi ya mahema na taa za kichwani, na listi kama hizo zimejaa mtandaoni.

Kwa aliyekosa kipindi: Boundary Waters iko kaskazini kabisa mwa Minnesota, mpakani na Kanada. Ni zaidi ya ekari milioni moja, maziwa zaidi ya elfu moja, imehifadhiwa kwa sheria ya nyika ya 1964 na nyingine ya 1978. Sehemu kubwa injini haziruhusiwi. Hakuna barabara ndani, hakuna umeme, na simu usiitegemee. Unapiga kafi mpaka mwisho wa ziwa, unashuka, unabeba mtumbwi mabegani kupita msituni mpaka ziwa linalofuata. Njia hizo za kubebea hupimwa kwa rodi, na rodi moja ni futi 16 na nusu, karibu urefu wa mtumbwi wenyewe. Waojibwe walizipita kwa mitumbwi ya magome ya mti zamani sana kabla ya wafanyabiashara wa manyoya, na kwa mkataba wa 1854 bado wana haki zao za kuwinda na kuvua huko. Kwa hiyo anayesema mtumbwi ni mambo ya wazungu, amekosea huku, na kwetu amekosea zaidi. Bibi yangu Ukerewe hajawahi kumwona mzungu akipiga kafi.

Turudi kwa wazazi.

Mama yangu amezaliwa Ukerewe, kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, na akaishi Mwanza mpaka alipohamia huku. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imeshakaribia Mwanza. Walikufa mamia ya watu, na mmoja wao alikuwa rafiki yake waliyesoma naye. Mimi nilikuwa mtoto huku Brooklyn Park, ninachokumbuka ni simu inalia usiku na watu wazima wamekaa jikoni bila kuwasha taa. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikikaribia gati la Ukara, kisiwa jirani na kwao. Zaidi ya watu 200 walikufa, nchi kavu wanaiona. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimepakia watu kupita kiasi.

Sasa mtu mwenye kumbukumbu hiyo ukimwambia, "Mama, tunaenda kukaa kwenye mitumbwi siku tano, tuko tisa, labda kumi," unategemea aseme nini? Yeye hakuniambia nisiende. Aliweka kikombe chini akauliza, "Mwanangu, nani anakaa na nani?"

Swali hilo halimo kwenye listi yoyote ya safari niliyowahi kusoma. Zote zinauliza una begi gani la kulalia. Na jibu lake linatakiwa lijulikane kabla ya kila kitu kingine, maana katika watu tisa wa kundi letu, wanne hawajui kuogelea. Tisa kwenye mitumbwi minne ni wawili, wawili, wawili na watatu. Ukipanga vizuri, kila mtumbwi unapata mmoja asiyejua na angalau mmoja anayejua. Hesabu inakubali. Lakini inakubali kwa tisa tu, na kwa tisa wanaojulikana majina.

Hapa ndipo panapotuuma. Sheria ya kule inasema watu tisa na vyombo vinne, basi. Sio tisa kwa kila hema au tisa kwa kila gari. Ni tisa mnaokuwa pamoja mahali popote, iwe majini, njiani au kambini. Najua kuna wajanja wameshaanza kusema tuchukue vibali viwili tukutane ndani. Hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa ningepinga. Kuanzia Mei 1 hadi Septemba 30, kila mlango wa kuingilia una idadi ya makundi kwa siku. Nafasi zinafunguliwa mtandaoni mwishoni mwa Januari, saa tatu asubuhi kwa saa za hapa, na milango inayopendwa inaisha haraka. Kibali kina siku moja ya kuingia, mlango mmoja, na jina la kiongozi na wasaidizi wake. Ukifika siku nyingine, huna kibali.

Sisi hatukulelewa hivyo. Sisi ni watu wa "njoo tu." Harusi imepangiwa watu 200, wanakuja 340, wali unatosha kimiujiza. Daladala imejaa, konda anasema sogea kidogo, na kweli watu wanasogea. Mimi naipenda tabia hiyo, ndiyo iliyonilea. Nilipokuwa chuo nimelala kwenye makochi ya watu ambao undugu wetu mpaka leo sijauelewa. Lakini kivuko cha Ukara nacho kilijaa watu waliosogea kidogo, siku ya gulio, kila mmoja na sababu yake nzuri ya kuwahi nyumbani. Maji hayajui kama wewe ni binamu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaonuna: mtu wa kumi hapandi, hata akiwa nani. Na asiyesema ndiyo kabla ya Januari kuisha amesema hapana. "Inshallah nitaona ratiba" ni jibu zuri sana kwa mwaliko wa chakula, ila huku haliwezi kuwa jibu.

Jambo la pili ni gumu zaidi, kwa sababu linahusu aibu. Kuogelea. Wengi wetu tumekulia kwenye apatimenti, mama na baba wana zamu mbili kazini, bwawa liko mbali, na dada zetu walikuwa na suala la nywele au la stara ambalo hakuna mwalimu aliyetaka kulielewa. Tukafika miaka thelathini na digrii zetu, na hatujui kuelea. Halafu tukiwa na wenzetu ofisini tunasema "siogelei sana," kana kwamba tumechagua. Kwenye safari hii neno "sana" lisitumike. Unajua au hujui. Asiyejua hafukuzwi, ila anasema mwezi Januari mbele ya wote, anajiandikisha bwawani, na mwezi Julai tunakwenda wote ziwa la mjini, kwa mfano Bde Maka Ska, tunapindua mtumbwi makusudi karibu na ufuko mpaka kila mmoja azoee kichwa kuingia majini na jaketi kumrudisha juu. Mimi nilianza masomo nikiwa na miaka 31, kwenye darasa lenye watoto wa miaka saba. Walinipita wiki ya tatu. Hakuna aliyekufa kwa aibu.

Na jaketi la kuokolea maisha linavaliwa. Sheria ya Minnesota inataka kila aliyemo chomboni awe na lake, lakini wanaolazimishwa kulivaa ni watoto wa chini ya miaka 10. Mtu mzima anaruhusiwa kulikalia kama mto. Sisi tunalivaa kuanzia tunapoingia mtumbwini mpaka tunapotoka, hata kama picha itaharibika.

Kuhusu tarehe, kuna wanaopendelea wikendi ndefu ya mwisho wa Mei kwa sababu hawatakiwi kuomba likizo nyingi. Napinga kabisa. Barafu ya maziwa yale kwa kawaida huyeyuka mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Jua la Mei litakudanganya uvae fulana, na maji yaliyo chini yako bado ni ya barafu. Wanaofundisha usalama wa majini wana kanuni ya moja, kumi, moja: kwenye maji ya baridi kali una kama dakika moja ya kutuliza pumzi, dakika kumi ambazo mikono bado inakusikiliza, na saa moja hivi kabla baridi haijakuzimisha. Dakika moja ya kwanza ndiyo inayoua, kwa sababu mtu anavuta pumzi akiwa chini. Waogeleaji wazuri nao hufa hivyo. Zaidi ya hapo, mwisho wa Mei na Juni ni msimu wa usubi, wale inzi weusi wadogo, na mbu wanafuata. Mimi nasema Agosti, wiki ya tatu. Maji yamepata joto, wadudu wamepungua, na usiku unaanza kuwa na nyota mapema.

Binamu yangu, ambaye ni mmoja wa wale tisa, amesoma rasimu ya makala hii na hakufurahi. Maneno yake yana uzito kwa hiyo nayaweka. Anasema tumenyimwa vya kutosha kwa hofu za wazazi: skauti hapana, baiskeli hapana, kulala kwa rafiki hapana, bwawa hapana. Ndio maana hata hatuogelei! Sasa tumepata uhuru wetu na mshahara wetu, na mtu wa kwanza kutuletea maiti mezani ni wewe? Ukianza na MV Bukoba, anasema, hakuna atakayekuja, na wale wanaosema nyika si yetu watakuwa wameshinda bila kufanya lolote.

Simpingi kuhusu tulichonyimwa. Lakini naona Mama alikataza kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya. Hakuwa na gari la kutupeleka bwawani, hakuwa na ramani, hakujua Kiingereza cha fomu. Sisi tunavyo vyote hivyo. Nimemwekea ramani mezani nikamwonyesha: tunaingilia Lake One, mwisho wa barabara inayotoka Ely, tunabeba mara mbili njia fupi kwenda Lake Two, kisha Three na Four. Tunaondoka kambini alfajiri kwa sababu upepo hupanda mchana na ziwa likianza kutoa povu jeupe tunakaa nchi kavu, hata ikiwa siku nzima. Tunafuata ukingo, hatukati katikati. Tunakodi kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, na kila jioni saa moja atapata ujumbe mmoja. Karatasi yenye majina, mitumbwi na siku ya kutoka inabaki kwenye friji yake. Aliisoma yote, kisha akauliza kama binamu amepunguza uzito, kwa sababu alikuwa amempanga kwenye mtumbwi wa watatu.

Baada ya hapo amekuwa mpangaji kuliko sisi. Kule makopo na chupa za vioo haviruhusiwi, kwa hiyo maharage ya kopo hayaendi, na yeye ndiye aliyekumbusha kwamba kuna watu waliokausha vyakula vyao kabla ya kopo kuzaliwa. Tutakula ugali, dagaa, maharage aliyochemsha na kuyakausha kwenye oveni, na chapati za siku mbili za kwanza. (Dagaa wanakaa ndani ya pipa lisilofunguka kwa dubu, tafadhali. Harufu ile inavuka mpaka wa Kanada.) Anataka pia tuchukue blanketi lake la sufi. Nimeshindwa kumkatalia, ingawa linazidi uzito wa hema.

Nafasi zinafunguliwa mwisho wa Januari. Majina yetu tisa yanafungwa Jumapili inayotangulia, saa tatu usiku. Wanane wameshathibitisha na wameandika kama wanajua kuogelea au la. Wa tisa ni mdogo wangu wa kiume, na anauliza kama anaweza kuja na mchumba wake.