Mzigo wa Fedha Uliorithishwa Eastlands

Ubaguzi wa rangi jijini Nairobi uliandikwa kwanza katika ardhi, kisha katika mishahara. Sheria zake zilifutwa zamani, lakini hasara yake bado inalipwa katika mitaa ya Eastlands, mashariki mwa jiji, kwa sababu mali inayotokana na ardhi hurithiwa, na kuikosa pia hurithiwa.

Baada ya Nairobi kuanzishwa mwaka 1899 kama kituo cha reli, wakoloni waliigawa kwa rangi. Wazungu walijitengea miinuko ya magharibi na kaskazini, kama Kilimani na Muthaiga. Wahindi waliwekwa Parklands, Ngara na Eastleigh. Waafrika walisukumwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaotuamisha maji, jirani na reli na viwanda. Pumwani ilitengwa rasmi kwa ajili yao mwanzoni mwa miaka ya 1920. Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kuwapokea waliobomolewa nyumba zao Pangani. Kaloleni na Ziwani zilifuata katika miaka ya 1940, kisha Bahati, Maringo na Jericho.

Tofauti kubwa kati ya pande hizo ilikuwa haki juu ya ardhi. Sheria ya Ardhi za Mfalme ya mwaka 1915, pamoja na hukumu ya mahakama ya mwaka 1921, iliwafanya Waafrika kuwa wapangaji wa serikali, watu wanaoweza kuondolewa wakati wowote. Mzungu au Mhindi wa mjini aliweza kupata ardhi kwa mkataba wa muda mrefu, mara nyingi miaka 99, ambao aliweza kuuuza, kuurithisha au kuuweka rehani benki. Mwafrika aliishi katika nyumba ya baraza la mji, ya reli au ya mwajiri. Waliojijengea nyumba Majengo, Pumwani, walimiliki kuta na mapaa. Ardhi haikuwa yao. Familia iliweza kulipa kodi ya nyumba kwa vizazi viwili bila kupata kitu cha kuweka dhamana. Sheria za kikoloni ziliweka pia kikomo cha deni ambalo Mwafrika angeweza kudaiwa mahakamani, na kwa hiyo wafanyabiashara wakasita kumkopesha mtaji.

Mishahara iliongeza mzigo huo. Ilipangwa kwa kipimo cha mwanamume mmoja asiye na familia mjini, kwa kudhani kwamba mke na watoto watalishwa na shamba la kijijini. Ndiyo maana nyumba nyingi za awali zilikuwa vyumba vilivyogawanywa kwa nafasi za vitanda, na choo na bomba vikawa vya pamoja. Kufikia mwaka 1921 kodi ya kichwa ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16, wakati uleule ambapo waajiri walikuwa wakipunguza ujira. Malalamiko hayo, pamoja na yale ya kipande, kitambulisho ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba, ndiyo yaliyomwinua mwanaharakati Harry Thuku. Alipokamatwa Machi 1922, umati uliokusanyika kudai aachiliwe ulimiminiwa risasi. Hata waliosoma hawakusalimika: mwaka 1948 Tume ya Holmes ilipendekeza mtumishi wa serikali asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile. Mwezi Mei 1950 wafanyakazi wa Nairobi waligoma, wakitaka mshahara usiopungua shilingi 100 kwa mwezi. Ni mwaka 1954 tu ambapo kamati ya serikali yenyewe ilikubali kwamba ujira unapaswa kutosha familia.

Huduma za mitaa hiyo nazo zililipiwa na wenyeji. Baraza la mji lilijipa ukiritimba wa kuwauzia Waafrika pombe ya tembo, na faida yake ikawekwa katika mfuko wa kugharimia huduma zao. Hivyo fedha za kuwahudumia Waafrika zilitoka mifukoni mwao, huku jasho lao likijenga mji mzima.

Uhuru wa mwaka 1963 uliondoa mipaka ya rangi, lakini haukugawa upya ardhi ya mji. Buruburu, iliyoanza kujengwa katika miaka ya 1970, ilimfaa mwenye mshahara wa kukopea nyumba. Dandora, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1975, iliwapa wenye kipato kidogo viwanja vyenye maji na choo wajijengee. Upande huohuo ndiko lilikopelekwa jaa la taka la jiji zima, na gharama ya afya ikaangukia wakazi. Ambako bomba halifiki, maji hununuliwa kwa jerikani, na bei ya kila lita huzidi mara kadhaa ile anayolipa mwenye bomba Lavington, magharibi mwa jiji.

Wapo wanaosema kwamba leo tatizo ni la kitabaka, kwa kuwa Waafrika matajiri wamehamia magharibi. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haielezi kwa nini ramani ya umaskini inafanana mno na ramani ya mkoloni. Aliyehamia alirithi faida ya upande ule, na aliyebaki alirithi hasara ya upande huu.

Suala hili limekuwa la dharura kwa sababu nyumba za kanjo, yaani zile za baraza la mji, zinabomolewa kupisha maghorofa, kama ilivyotokea Pangani katika miaka ya karibuni, na kwa sababu tangu mwaka 2024 sheria inamkata kila mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Je, mpangaji wa Jericho au Bahati ana haki gani? Wanaopinga kumpa umiliki wanasema ardhi ya kaunti ni ya wote, kwamba baadhi ya waliomo ni wapangaji wa wapangaji, na kwamba mkazi wa mtaa wa mabanda wa Mukuru hana hata nyumba hiyo ya kanjo. Hoja hizo zinadai haki igawanywe kwa makini, hazitoshi kuikataa. Orodha ya wakazi wa muda mrefu ihakikiwe hadharani kabla ya kubomoa, kodi waliyolipa ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya nyumba mpya, na hatimiliki iandikwe kwa majina yao. Kwa wale wasio na nyumba za kanjo, fidia ya haki ni mabomba ya maji na mabomba ya majitaka yafikishwe Mukuru, Dandora na Kayole kwa bei ileile inayotozwa sehemu nyingine za jiji.