Taa ya Onyo Isiyozimika

Katika nchi zenye baridi kali, kama vile Ujerumani na Kanada, wenye magari wengi hubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka. Mpira wa tairi la kiangazi hukakamaa kwenye baridi na kupoteza mshiko. Ule wa tairi la baridi hubaki laini. Desturi hii ni ya busara. Lakini sheria zilipolazimisha kila gari dogo jipya liwe na chombo cha kuonya kuhusu upungufu wa upepo, Marekani mwaka 2007 na Umoja wa Ulaya mwaka 2014, busara hiyo iliongezewa gharama.

Hapana shaka nia ya sheria ni njema. Tairi lenye upepo pungufu hupindapinda ubavuni, hupata joto na huweza kupasuka. Tena baridi yenyewe hupunguza kanieneo. Mwanafunzi aijuaye kanuni ya gesi aweza kukokotoa: tairi lililojazwa kilopaskali 220 zaidi ya kanieneo ya angahewa, katika nyuzi 20 za Sentigredi, litabaki na 187 hivi katika nyuzi 10 chini ya sifuri, ijapokuwa halikutoboka.

Kasoro imo katika utekelezaji. Katika magari mengi, kihisi hufungwa ndani ya gurudumu na kutuma habari kwa mawimbi ya redio. Betri yake aghalabu imezibwa humo humo. Ikiisha, kihisi kizima hutupwa. Mwenye seti mbili za magurudumu huhitaji vihisi vinane badala ya vinne, na mara nyingi fundi hulipwa ili kompyuta ya gari ivitambue upya. Asiyemudu huendesha msimu mzima taa ya onyo ikiwaka.

Hapo ndipo penye hatari. Dereva aliyezoea kuipuuza taa ataipuuza hata siku isemapo kweli.

Iko njia nyepesi zaidi. Tairi lililopungukiwa upepo huzunguka haraka kidogo kuliko mengine, na vipimo vya breki vilivyomo garini tayari huweza kuligundua. Njia hiyo nayo ina udhaifu: matairi yote manne yakipungua kwa pamoja, si rahisi kutambua. Hata hivyo, kwa wabadilishao matairi kila msimu, ndiyo inayofaa kupendelewa. Na vihisi vya redio vingepaswa kuundwa ili betri iweze kubadilishwa.

Hadi hapo, kipimaupepo cha mkono, kisicho na betri wala kompyuta, bado ni mlinzi mwaminifu.